Mchoro wa Mtoto wa Miaka Mitano

6 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la baba, ambalo siku hizi lina tabia zake: linauma akitumwa dukani, linapoa mpira ukianza. Mama anakusalimu. Mdogo wangu amepata kazi posta, na barua hii itapita mikononi mwake, kwa hiyo ikichelewa unajua wa kumlaumu.

Uliponiambia kufundisha chekechea ni kazi ya kupangusa pua, hukukosea sana. Lakini nikusimulie ya wiki iliyopita. Mpishi wa shule alimwaga ndoo ya maji uani, kwenye sementi. Watoto wangu wakakizunguka kile kidimbwi kama wamekuta nyoka. Nikawapa chaki, wakachora mstari kufuata ukingo wake. Kila tulipotoka kidimbwi kilikuwa kimepungua, nao wakachora mstari mwingine ndani ya ule wa kwanza, mpaka uani pakawa na kitu kama kitunguu kilichokatwa katikati, na maji hakuna.

Nikawaambia wachore maji yamekwenda wapi. Mmoja alichora mbwa, na mbwa mwenyewe alikuwa na tumbo hasa. Mwingine alichora mpishi akikimbia na ndoo. Kisha kuna msichana mmoja tunamwita Msumari, maana ni mwembamba na akishika jambo halitoki. Yeye alichora sementi yenye midomo mingi midogo.

"Sakafu ina kiu," akaniambia.

"Umejuaje?"

"Weka sikio utasikia inakunywa."

Basi darasa zima likalala chini, sikio kwenye sementi, na mimi pamoja nao. Hapo ndipo mwalimu mkuu alipotokea.

"Hawa wanaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Tunasikiliza sakafu."

Hakucheka. Kesho yake aliniletea ule mwongozo wa walimu, kile kitabu chako ulichoshiriki kukiandika. Akaufungua kwenye ukurasa wa mvua: jua, mshale, wingu, mshale, mvua, mto, vyote mahali pake, na chini pameandikwa "Mchoro wa mtoto wa miaka mitano". Akaniambia, "Wa miaka mitano, mwalimu. Wako wana sita na wanachora midomo."

Shangazi, ulifanyaje na wale watoto wako wa chekechea mpaka mmoja akachora vile? Nifundishe.

Kasuku wako


30 Juni

Kasuku wangu,

Marahaba. Mwambie baba yako goti hilo mimi nalifahamu tangu tuko shule ya msingi. Wakati ule lilikuwa linauma siku za hesabu. Mpongeze mdogo wako; barua imefika vizuri, imekunjwa pembe moja tu.

Mimi nipo. Kikohozi kidogo, cha kunipa la kuongea na majirani. Fundi cherehani wa chini amehamishia cherehani yake chini ya dirisha langu, na sasa nalala mchana kwa mdundo wake. Akisimama kubadilisha uzi naamka.

Kuhusu huyo Msumari. Usimwambie amekosea. Ana wazo, na wazo lake lina sababu: aliona maji yako juu ya sakafu, kisha hayapo, na kitu pekee kilichokuwa chini yake ni sakafu. Wewe mpe maji mahali ambapo hapana wa kuyanywa. Tafuta sahani. Mwache aichague mwenyewe na kuikagua mwenyewe, la sivyo atasema umemletea sahani yenye matundu. Kisha kaa kimya. Kukaa kimya ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ualimu, na mimi sikuiweza.

Na wafanye wawe maji. Watoto hawaelewi maji kwa kuyaangalia tu. Lazima wayacheze kwa miili yao, wabanane, waachane, wakimbie. Usiwaambie mchezo unaisha vipi. Wataugombania wenyewe, na katika kugombana huko ndimo wanamofikiri.

Hayo mengine uliyouliza tutayazungumza siku nyingine. Fundi ameanza tena.

Shangazi yako


24 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba amecheka kuhusu siku za hesabu mpaka mama akatoka jikoni kuja kuuliza kuna nini. Hakumwambia.

Sahani imefanya kazi yake! Msumari aliikagua mbele na nyuma, akaigonga, akailamba. Tuliiweka dirishani na maji kidogo, na wenzake wawili wakajiteua kuwa askari wa kuilinda dhidi ya ndege, paka na mpishi. Kesho yake ilikuwa kavu. Msumari siku hiyo hakucheza wala hakusema na mtu. Siku iliyofuata alinifuata kabla sijaweka mkoba chini.

"Mwalimu, maji yametoka bila mlango."

Akachora sahani, na juu yake mistari mingi myembamba inayopanda, inaanza myeusi na inafifia mpaka huioni. Nikamuuliza mbona mistari inakatika. Akasema, "Haijakatika. Hapo mimi ndiyo siwezi kuiona."

Kisha tukacheza kuwa maji. Wao walishikana wakabanana katikati ya chumba, mimi nikawa jua, nimejifunga kitambaa cha manjano kichwani. Ninayemgusa anaachia na kukimbia popote. Mara wakaanza kubishana: waliokimbia wameenda wapi? Mmoja akasema wamekufa. Msumari akamwambia, "Hatujafa, si sisi hawa? Tumeachana tu." Kisha akanigeukia: "Tukikusanyika tena tunakuwa nini?" Nilikaa kimya, Shangazi. Karibu nipasuke.

Sasa la kunisumbua. Mwalimu mkuu alitoa mtihani wa majaribio: chora mvua inatoka wapi. Alikuwa ametundika ukutani nakala ya mchoro wa kitabu chako, na wengi wakachora walichokiona ukutani. Msumari alichora sahani yake na mistari yake, na juu akaacha pamebaki peupe. Mwalimu mkuu alipomuuliza, akasema, "Hapa juu sijafika." Akapewa sifuri.

Huyu mtoto alikwisha kurudia mwaka mara moja. Akianguka tena mtihani wa Novemba, shule haimpi nafasi darasa la kwanza wala haimruhusu kubaki chekechea. Mama yake anafua nguo za watu na ana mtoto mchanga. Nilipomweleza, hakulalamika. Alisema, "Basi atakaa na mdogo wake." Kwa sauti ileile ambayo angesema mvua inakuja, anua nguo.

Mwalimu mkuu anamheshimu mtu mmoja tu katika kazi hii, naye ni wewe. Mwandikie mistari miwili. Mwambie kwamba mchoro wa mtoto unaweza kuwa haujaisha na bado ukawa na akili ndani yake. Atakusikiliza.

Na hujanijibu. Wale watoto wako ulifanyaje nao?

Kasuku


2 Septemba

Kasuku,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani kidogo. Sijambo.

Nimefurahi kusikia habari za sahani. Kuhusu mwalimu mkuu, kila shule ina utaratibu wake, na mimi nimestaafu. Si vizuri mtu aliyestaafu kuingiza mkono katika darasa la mwenzake. Mfundishe huyo mtoto ule mchoro. Ni mishale michache tu. Atafaulu na yatakwisha.

Wasalimu wote.

Shangazi yako


12 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikikutafuta ndani yake. Sikukukuta.

Fundi cherehani amempigia baba simu. Kumbe karibu Agosti yote ulikuwa hospitali, na ni yeye aliyekubeba kushuka ngazi. Kikohozi kidogo! Baba alitaka kuja siku ileile, ukamwambia fundi atujulishe kwamba hupokei wageni. Baba amekaa anafungua redio ambayo haina tatizo lolote.

Nimefanya ulivyosema. Nimemfundisha Msumari mishale. Ameichora vizuri, jua lake na wingu lake. Alipomaliza akaniuliza, "Mwalimu, hii ndiyo inayotokea au ndiyo inayotakiwa?" Sikumjibu, na safari hii sikuwa nanyamaza kwa ajili ya ualimu.

Tangu hapo haulizi kitu. Anachora mishale juu ya kila kitu. Kiatu kina mishale. Paka ana mishale. Nikimuuliza paka anakwenda wapi, anasema, "Sijui, ndivyo wanavyochora."

Najua nakusemesha kama mtu mzima mwenzako na wewe unaumwa. Nisamehe. Lakini mara mbili nimekuuliza kuhusu kitabu chako na mara mbili umepita pembeni. Wewe hukuwa mtu wa kupita pembeni. Ulikuwa ukitukatisha mezani mtu akisema "nadhani" bila sababu. Kuna nini?

Kasuku


3 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Umenisema ipasavyo, na sijachukia.

Nianze na habari za mwili. Ni mapafu. Daktari ni kijana mwenye adabu. Alizunguka sana mpaka nikamsaidia kumaliza sentensi yake. Si jambo la miaka. Mwambie baba yako taratibu, akiwa ameketi, na mwambie ngazi za hapa ni nyingi kwa goti lake, kwa hiyo asije kwa hasira, aje kwa kupumzikapumzika. Nitampokea.

Sasa kitabu.

Nilikuwa na umri kama wako, nafundisha chekechea, na nafundisha kama unavyofundisha wewe. Birika la shule lilikuwa mwalimu msaidizi wangu. Tulishika kioo kwenye mvuke, tulitundika vitambaa vya maji, tulikuwa mawingu mpaka watu wa darasa la pili wakaja kulalamika. Watoto wangu walichora kila siku, na kila mmoja alinieleza mchoro wake, nami nilielewa.

Kisha tukaambiwa kuna wageni. Walikuwa wanaandaa mwongozo wa walimu na walitaka kuona watoto wadogo wanajifunzaje sayansi. Mada ilikuwa mvua. Nikabandika ukutani michoro ya darasa zima. Watoto walipoondoka nilisimama mlangoni, pale ambapo wageni wangesimama, nikaitazama kwa macho yao. Nikaona madoa. Palikuwa na duara jeusi, na kitu kama mbuzi, na karatasi moja iliyotobolewa kwa kalamu. Mimi nilijua duara ni nini na nilijua kwa nini karatasi imetobolewa, maana walikuwa wameniambia. Lakini karatasi yenyewe haisemi, na nikaona aibu.

Nilichukua karatasi safi nikachora upya. Nilichora kwa mkono wa kushoto ili mistari iyumbe. Nilipaka kidole rangi nikachafua pembe. Jua moja nililichorea tabasamu, kwa sababu watu wazima wanapenda jua la watoto litabasamu. Darasani kwangu hakuna mtoto aliyewahi kuchora jua lenye meno. Kisha nikabandua ya kwao nikabandika ya kwangu, na ya kwao nikaitia kwenye jiko la shule.

Asubuhi watoto waliingia, wakaenda moja kwa moja ukutani kutafuta michoro yao. Nikawashika mmoja mmoja: huu wako, huu wako. Nimeunyoosha kidogo tu. Walinitazama, wakautazama ukuta, wakaniamini. Walikuwa na miaka mitano na mimi nilikuwa mwalimu.

Wageni walifurahi sana. Mmoja wa ile michoro ndio ulioingia kitabuni. Mimi nikaingizwa kwenye kamati iliyokiandika, na baadaye nikawa mkaguzi.

Umeniuliza nilifanyaje na wale watoto. Ndivyo nilivyofanya. Hakuna mtoto wa miaka mitano aliyechora mchoro ule. Ni mimi.

Sasa sikiliza linaloniuma, maana hilo la kwanza ningeweza kujisamehe, nilikuwa kijana. Kwa miaka yote ya ukaguzi niliingia madarasani nikakuta mchoro wangu ukutani, umenakiliwa na watoto mstari kwa mstari, hata tabasamu. Walimu walisimama kando wakisubiri niseme kitu, nami nikasema vizuri sana. Nilikuwa nasahihisha mchoro wangu mwenyewe. Na siku moja, shule moja ya mbali, nikakuta darasa linalochora kama lako. Mtoto alikuwa amechora wingu lina mkoba. Mwalimu wake akaharakisha kuniomba radhi: "Samahani, mkaguzi, watoto wangu wazito kidogo." Ilikuwa nafasi ya kumshika mkono mwalimu yule na kumwambia ukweli. Nilifungua kalamu nikaandika: watoto wazito. Mwaka uliofuata nilikuta ameacha, na ukutani kuna mishale.

Ndiyo sababu nilipita pembeni. Nilitaka kufa nikiwa mtu wa kitabu kile. Nilikuandikia umfundishe mtoto mishale, na niliijua mishale ile imetoka wapi.

Mpe mwalimu mkuu barua hii. Mwambie sahani ya Msumari ni kazi halali ya mtoto anayefikiri, na mchoro anaopimwa nao ni wa mtu mzima aliyeona aibu.

Shangazi yako


13 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba ameambiwa, akiwa ameketi. Anakuja mwisho wa wiki, na amesema atapanda ngazi hizo hata kwa matako. Mama anamwandalia mkoba kama anakwenda kuhamia.

Barua yako ninayo. Sijampa mwalimu mkuu. Naitembeza mkobani kila siku, naenda nayo na kurudi nayo.

Kuna jambo sikukuambia, kwa sababu niliapishwa. Mwalimu mkuu alikuwa darasani kwako. Ni mmoja wa wale watoto. Na mchoro ule wa kitabuni ni wake. Yaani, ndio uliomwonyesha ukamwambia ni wake. Aliniambia wiki niliyoajiriwa, alipojua mimi ni mtoto wa kaka yako, akanikataza nisikwambie kwa sababu anataka kukushtukiza siku moja na maua. Ameutia kwenye fremu nyumbani kwake. Aliniambia kwamba mchoro ule ndio uliomfanya awe mwalimu.

Nilikuwa nikidhani anatuonyesha kitabu kutudharau. Sasa nadhani akitazama ukurasa ule anajitazama mwenyewe, na hawezi kuelewa kwa nini watoto wetu hawawi kama alivyokuwa yeye.

Kwa hiyo niambie, namwekeaje barua hii mezani? Nimefika mpaka mlango wa ofisi yake mara kadhaa. Ananiambia karibu, nasema nimepita tu kumsalimia. Ameanza kudhani nataka nyongeza ya mshahara.

Nimekukasirikia, Shangazi. Sitakuficha. Nimekukasirikia na ninakupenda, na sijui nipange vipi hayo mawili. Mtihani ni katikati ya mwezi ujao.

Kasuku


21 Oktoba

Mwanangu,

Baba yako amefika. Tumekaa siku nzima tunabishana juu ya mambo ya zamani, na yeye ndiye atakayenitilia barua hii posta.

Usimpe barua. Habari hii si ya kupelekewa na mtu mwingine. Mwambie mwalimu wake wa chekechea anaumwa na anamwita. Basi.

Namkumbuka. Alikuwa hana meno ya mbele, na mchoro wake wa kweli naukumbuka kuliko yote.

Shangazi yako


8 Novemba

Kasuku wangu,

Naandika kidogokidogo, napumzika, kwa hiyo usishangae mwandiko ukipanda na kushuka.

Mwalimu mkuu alikuja. Alileta maua, na alileta fremu. Alitaka niweke sahihi nyuma yake.

"Shikamoo, mwalimu. Unanikumbuka?"

"Marahaba. Ulikuwa huna meno."

Akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba bado hayajaota. Nilikuwa nimepanga utangulizi mrefu lakini sina pumzi ya utangulizi siku hizi. Nilimwambia yote palepale, fremu ikiwa mapajani kwake.

Hakupiga kelele. Alisema, "Nakumbuka nikiuchora. Nakumbuka kalamu ya bluu."

"Watoto hamkuwa na kalamu ya bluu. Ya bluu ilikuwa yangu."

Baba yako alikuwa chumba cha pili anajifanya amelala. Kisha mwalimu mkuu akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Basi mimi nilichora nini?"

Nikamwambia. Alichora sufuria yenye kifuniko. Chini ya kifuniko alichora matone mengi, yananing'inia, kila moja lina macho mawili. Nilimuuliza ni nini, naye akaniambia, "Yamepanda. Sasa yanaogopa kuanguka. Yakijaa yataanguka."

"Kwa hiyo nilikosea," akasema.

"Hukukosea. Mishale yangu haisemi kwa nini mvua inaanguka. Wewe ulisema."

Aliilaza fremu kitandani kifudifudi. Akaniuliza wenzake walichora nini. Wachache niliwakumbuka nikamwambia. Akamuulizia mmoja aliyekuwa akikaa naye dawati moja, mwenye mabaka kichwani, aliyekuwa haongei na mtu. Nikasema siukumbuki mchoro wake.

"Uliuchoma," akasema, "na hata huukumbuki."

Hapo ndipo alipokasirika, na alikuwa na haki. Wake yeye nilikuwa nimemrudishia. Wa yule mwenziwe haupo popote duniani.

Alipoinuka nilimtaja Msumari. Alinikatiza. "Usiniombee mtoto yeyote, mwalimu. Umeshasema vya kutosha juu ya watoto. Nitamwona mwenyewe." Akatoka. Fremu aliiacha, maua nayo hakuyatia majini. Baba yako ndiye aliyeyatia baadaye, kwenye jagi la plastiki.

Nimewaandikia wanaochapa kitabu waondoe ukurasa ule na waseme kwa nini, kwa jina langu. Sahihi yangu imetoka mbaya lakini inasomeka. Sijui mwalimu mkuu ataamua nini. Nimezoea kujua mitihani itakwendaje, na hili silijui. Niandikie upesi, vyovyote itakavyokuwa, na usininyooshee habari.

Shangazi yako


17 Novemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba amesema kwenye simu unasikiliza kuliko unavyoongea siku hizi, kwa hiyo naandika haraka ili akusomee, na mdogo wangu ameahidi barua hii haitalala posta hata usiku mmoja.

Msumari amepanda darasa la kwanza. Nilikwenda kumwambia mama yake. Alikuwa na mikono ndani ya beseni. Akauliza, "Hakika?" Nikasema hakika. Akaendelea kufua shuka lilelile mpaka nikaondoka, na lilikuwa limeshatakata.

Lakini nikueleze mtihani ulivyokuwa. Mwalimu mkuu aliingia na jiko dogo la umeme na sufuria yenye kifuniko, na kabla ya kusema neno alibandua ile nakala iliyokuwa ukutani. Akachemsha maji mbele yao. Kila alipofunua kifuniko darasa zima lilipiga kelele. Kisha akasema, "Choreni mvua inatoka wapi. Mkimaliza kila mtu atanieleza." Akapita kwa mmoja mmoja na kalamu, akaandika chini ya kila mchoro maneno ya mtoto mwenyewe, hata ya yule wa mbwa, ambaye bado anaamini ni mbwa. Ilichukua asubuhi nzima. Kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyetoka.

Alipofika kwa Msumari alikuta karatasi haina mshale hata mmoja. Ilikuwa na sahani, sufuria, na ile mistari inayofifia, sasa imefika kwenye kifuniko. Msumari alimweleza kwa muda mrefu, na mwalimu mkuu alikuwa anaandika tu. Kisha yule mtoto akamuuliza, "Na wewe mwalimu, ulipokuwa mdogo ulichora nini?"

"Sufuria."

"Iko wapi?"

"Iliungua."

Msumari alifikiri kidogo. Akasogeza karatasi yake safi ya pili, akamsukumia na kalamu. "Basi chora tena."

Nilidhani atakataa. Alivuta kiti kidogo, kile cha mtoto, akakaa, magoti yamemfika kifuani. Alichora sufuria. Akachora kifuniko. Akaanza matone, moja moja, taratibu, na kila tone akalitia macho. Msumari alikuwa amemwinamia begani, anaangalia kwa makini.

"Matone hayana macho, mwalimu."

"Ya kwangu yana macho," akasema mwalimu mkuu, akaendelea kuchora.

Kasuku wako